Gemu elfu kumi au gemu arobaini?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nina miaka 42. Miaka ya 90 kaka yangu alikuwa na gemu ya kaseti ya kuchomeka kwenye TV, na mtaa mzima ulikuwa unajaa sebuleni kwetu. Sasa nataka kuanza kukusanya gemu za aina hiyo, nicheze na wanangu wawili. Mjini nimeona kijiti cha gemu 10,000 kwa bei poa. Dada yangu yuko Marekani, anasema akija Desemba anaweza kuniletea Nintendo ndogo au nyingine nitakayotaka. Pesa si nyingi, nitanunua moja sasa na nyingine baadaye. Nianze na ipi? Na ile ya zamani ya kaka bado ipo kwenye sanduku kwa mama, haiwaki, pedi moja imekatika waya. Niitupe?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiitupe. Nalijibu hilo kwanza kwa sababu mkusanyo wako umeshaanza, uko kwenye sanduku la mama, na hiyo haiwaki ni ya thamani kuliko chochote dada atakachobeba kwenye begi. Nitaeleza kwa nini, kisha nitakuambia jinsi ya kuifufua. Lakini tuanze na kijiti, maana najua ndicho kinachokuvuta.

Vijiti hivyo vinafika mezani kwangu mara kwa mara. Kwa nje ni kitu kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV, na pedi mbili zisizo na waya. Ndani kuna chipu ya bei nafuu, programu inayojifanya mashine za zamani, ambayo wapenzi wa gemu wanaiita emuleta, na memori kadi iliyojazwa mafaili ya gemu. Boksi limeandikwa 4K. Famicom ya Nintendo, mama wa gemu zetu zile, ilichora picha ya nukta 256 kwa 240. Kuivuta picha hiyo hadi 4K hakuongezi hata nukta moja, ni sawa na kukuza picha ya pasipoti ikawa bango la barabarani. Na kinachokufa kwanza katika vijiti hivi, kwa ninavyoviona mimi, ni ile kadi. Siku moja unawasha, kioo cheusi, na hakuna duka litakalokupa mafaili yaliyokuwa humo. Gemu zenyewe zimenakiliwa bila ruhusa ya waliozitunga, kwa hiyo hakuna mtu wa kumdai.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyekaa akachagua. Menyu ya gemu elfu kumi ni ghala, na ukiliangalia vizuri utakuta gemu ileile imejirudia kwa majina manne, moja ya Kijapani, moja ya Kimarekani, moja imebadilishwa rangi ya mhusika. Nimewatazama wapwa zangu wakicheza kijiti: dakika mbili hapa, dakika moja pale, hawamalizi hata hatua ya kwanza ya gemu yoyote. Wewe ulikuwa na kaseti mbili ukajua kila shimo na kila adui alipojificha. Kama unataka tu watoto wasisumbue wikendi, kijiti kinatosha. Kama unakusanya, kiache dukani.

Ujanja huo wa namba si mgeni. Kumbuka kaseti zetu zilizoandikwa "9999 in 1". Ukishuka kwenye orodha unakuta gemu chache tu za kweli, nyingine zote ni zilezile zikianzia hatua ya tatu, au ya tano, au ukiwa tayari na bunduki kubwa. Lakini katika zile chache za kweli kulikuwa na hazina, na hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo.

Famicom ilitoka Japani Julai 1983. Marekani waliipata mwaka 1985 ikiwa na umbo lingine na jina lingine, NES. Kwetu haikufika kwa njia hiyo. Iliyofika ni nakala. Viwanda vya Asia, hasa Taiwani, vilitengeneza chipu zinazofanya kazi kama za Famicom, na mashine zikauzwa popote ambapo Nintendo haikuwa na duka. Urusi waliiita Dendy, Polandi Pegasus, Afrika Kusini Golden China. Kwetu kila mtaa ulikuwa na jina lililobandikwa kwenye boksi lake. Na kwa kuwa kaseti zilijazwa gemu ndogo zinazoingia nyingi kwenye chipu moja, tulikua na gemu za miaka ya mwanzo ya Famicom: ya vifaru vinavyomlinda tai aliyezungushiwa matofali, ambayo ni Battle City ya Namco ya mwaka 1985, ya mbio za magari, Road Fighter ya Konami, ya sarakasi na simba, Circus Charlie, pamoja na Bomberman na Adventure Island za Hudson. Battle City haikuwahi kuuzwa rasmi Marekani kwa ajili ya NES. Mmarekani wa umri wako hana kumbukumbu ya vifaru vile. Wewe unayo, Mrusi anayo, na Mpolandi anayo.

Sasa dada akikuletea NES Classic, ile Nintendo ndogo iliyotoka Novemba 2016 ikiwa na gemu 30, utafurahi siku ya kwanza. Mario zote tatu zimo, Excitebike imo, Galaga imo, Donkey Kong imo. Halafu utaanza kutafuta. Contra ya kwanza haimo, iko ya pili yake, Super C. Ya kupiga bata haimo. Vifaru havimo. Ni mashine nzuri iliyokusanya utoto wa mtu mwingine. Silaumu waliochagua, walichagua kwa ajili ya watu wao. Lakini ndiyo sababu nakuambia kaseti ya kaka ni namba moja: hakuna kampuni duniani itakayokutengenezea boksi lenye orodha ile, na kila mwaka zinatupwa jalalani na watu wanaodhani ni takataka za Mchina.

Nina jambo lingine kuhusu mashine zile ambalo nilipolijua nilikaa kimya muda mrefu. Famicom ilitoa muziki kwa mawimbi yenye maumbo kadhaa. Katika chipu nyingi za kunakili, umbo ambalo wimbi liko juu asilimia 25 ya muda na lile la asilimia 50 yamebadilishana nafasi. Ndiyo maana siku nilipoisikia Famicom halisi kwa mara ya kwanza, nilidhani imeharibika. Noti ni zilezile, lakini sauti ilikuwa nyembamba mahali ambapo mimi niliijua nene. Kosa la kiwandani ndilo lililokuwa muziki wetu. Ukipoteza mashine ile, umepoteza sauti ile.

Basi, hayo ya sanduku. Upande wa kununua, kabla hujatoa shilingi, uliza ndani mna nini. Mashine zote za kuchomeka na kucheza zinaingia kwenye moja ya njia tatu, na ukizijua hutadanganywa na boksi. Njia ya kwanza ni chipu iliyotengenezwa ifanye kazi kama mashine ya zamani yenyewe, mzunguko kwa mzunguko. Ya pili ni kompyuta ndogo inayoendesha emuleta, na hapa ubora unategemea kabisa nani ameandika programu hiyo na alipewa muda gani. Ya tatu ndiyo mbaya: gemu imeandikwa upya kwa ajili ya chipu nyingine ya bei rahisi, ikafanana kwa picha lakini mwendo, sauti na ugumu vikapotea.

Mfano mzuri wa tofauti hiyo ni Atari. Mashine yao ya kaseti ilitoka 1977. Mwaka 2002 kampuni ya Jakks Pacific ilitoa joistiki ya kuchomeka yenye gemu 10 za Atari, ikauzwa sana na kuanzisha wimbi zima la vitu hivi. Ndani yake hakukuwa na Atari. Kulikuwa na chipu ya aina ya Famicom, na gemu zilizoandikwa upya. Atari wenyewe wakatoa Flashback mwaka 2004 yenye gemu 20, nayo ikafuata njia hiyohiyo, na wapenzi wa zamani waliigundua mara moja kwa kuwa mikono yao ilikumbuka. Mwaka uliofuata ikaja Flashback 2. Mhandisi Curt Vendel na wenzake walitengeneza chipu inayofanya kazi kama Atari ya 1977, wakaweka gemu 40, wakaacha soketi zinazokubali joistiki za zamani, na kwenye ubao wakaacha sehemu ambazo fundi mwenye mkono mzuri anaweza kulehemu soketi ya kaseti akachezea kaseti halisi. Ukiikuta Flashback 2 mahali popote kwa bei ya haki, ichukue. Ile ya kwanza chukua tu kama unataka kumwonyesha mtu tofauti.

Na kuna moja ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, ingawa sikushauri uanze nayo. Ni C64 DTV ya mwaka 2004. Ni joistiki tu, betri nne za AA, waya wa AV, gemu 30. Aliyeiunda ni Jeri Ellsworth, mwanamke aliyejifundisha umeme mwenyewe na ambaye hakumaliza sekondari. Aliibana kompyuta nzima ya Commodore 64 ya mwaka 1982 ndani ya chipu moja. Halafu akafanya kitu ambacho kampuni ya kuchezea watoto isingefikiria kuomba: aliacha kwenye ubao sehemu za kulehemu kibodi na kiendeshi cha diski. Mtu aliyeifungua kwa udadisi alikuta ameshika kompyuta inayokubali kuandikiwa programu. Mimi nililehemu kibodi kwenye yangu, na usiku ule niliandika mistari yangu ya kwanza ya BASIC, lugha ya kuandikia programu, tangu nikiwa kijana. Kitu kilichotengenezwa na anayekipenda kinajulikana, hata kama kimefungwa kwenye plastiki ya bei rahisi. Kwa kigezo hicho hicho nitakuchagulia cha dada.

Mwambie akutafutie Mega Drive Mini, yaani Mega Drive ya zamani ya Sega iliyotengenezwa upya kwa umbo dogo. Marekani inaitwa Genesis Mini. Sega waliitangaza Aprili 2018, kisha wakaiahirisha, kazi ikabadilishwa mikono, na emuleta ikapewa studio ya Kijapani inayoitwa M2 ambayo inajulikana kwa kushughulikia gemu za zamani kwa uangalifu mkubwa. Ikatoka 19 Septemba 2019 ikiwa na gemu 42. Kuchelewa kule kulikuwa na faida. Mwendo ni sahihi, sauti ni sahihi, na muziki wa menyu umetungwa na Yuzo Koshiro, yuleyule aliyetunga muziki wa gemu kadhaa zilizomo. Ukibadilisha lugha ya mashine kuwa Kijapani, picha za maboksi zinabadilika na baadhi ya gemu zinakuwa za toleo la Japani. Kuna pia Tetris. Ile ya Mega Drive ya mwaka 1989 ilizuiwa kuuzwa, na nakala zake halisi ni chache mno. Hivyo ndivyo orodha inavyopangwa na mtu anayejua anachokifanya. Na boksi la Marekani lina pedi mbili, jambo ambalo baba mwenye watoto wawili hapaswi kulisahau. NES Classic ilikuja na pedi moja.

Ya pili yake, ukipata pesa baadaye, ni SNES Classic ya Septemba 2017, ndugu mdogo wa Super Nintendo, mashine iliyoifuata NES. Gemu 21 tu, lakini sijui orodha nyingine ndogo iliyojaa vizuri hivyo, na ndani yake imo Star Fox 2 ambayo ilikamilika katikati ya miaka ya 90 na ikafungiwa kabatini zaidi ya miaka 20. Pedi mbili zimo. Waya wake ni mrefu kuliko wa NES Classic, ambao ni kama sentimita 75 tu na unakulazimisha ukae chini ya TV. Tatizo ni kwamba Nintendo walishaacha kuzitengeneza, bei imepanda, na feki zimejaa.

Kuhusu feki nitakuwa mkali kidogo. Umbo la nje linanakiliwa vizuri sana, usiliamini. NES Classic halisi imeandikwa CLV-001 chini yake, inatoa picha kwa HDMI, inapokea umeme kwa tundu dogo la USB, na inakuruhusu kuhifadhi mchezo mahali ulipofika, nafasi nne kwa kila gemu. Kama ina waya za njano na nyeupe za AV, au menyu inasema gemu 620, hiyo ni ndugu wa kaseti ya kaka yako aliyevaa koti la kifahari. Dada asilipe kabla hajaonyeshwa picha ya chini ya mashine na picha ya menyu ikiwa imewaka.

PlayStation Classic ya Desemba 2018 utaiona pia, na bei yake inaweza kukushawishi. Ilitoka kwa dola 99.99 na ndani ya wiki chache ikaanza kushuka vibaya. Kati ya gemu zake 20, tisa ziliwekwa toleo la Ulaya linalokwenda picha 50 kwa sekunde badala ya 60, hivyo zinatambaa, na pedi hazina vile vifimbo viwili vya kuzungusha. Kampuni tajiri, jina kubwa, lakini hakuna aliyekaa kwenye kiti na kucheza kwa makini kabla ya kufunga boksi. Nakuelezea ili ujue kwamba jina la kampuni pekee haliwezi kukuongoza.

Sasa umeme, kwa sababu mzigo unatoka Marekani. Mashine hizi ndogo zinakula volti 5 za USB, kwa hiyo chaja ya kawaida ya simu yenye ampea 1 au zaidi inatosha, na hata pawabenki inaiwasha. Lakini akikuletea kitu cha zamani chenye adapta yake, kwa mfano hiyo Flashback 2, soma maandishi madogo kwenye adapta. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa volti 230 itaungua, na pengine mashine nayo. Ikiandikwa 100–240V, ni salama. Vilevile vitu vya Marekani vya waya za AV vinatoa rangi kwa mfumo wa NTSC. TV bapa za sasa zinaupokea. Baadhi ya TV za chogo zilizotengenezwa kwa PAL, mfumo mwingine wa rangi, peke yake zitakuonyesha picha nyeusi na nyeupe, usije ukadhani mashine mbovu.

Kama bado una chogo inayofanya kazi, itunze. Ile bunduki ya kupigia bata haifanyi kazi kwenye TV bapa, na hakuna fundi atakayeilazimisha. Ukivuta kifyatulio, gemu inazima picha kwa kufumba na kufumbua na kuchora mraba mweupe mahali bata alipo. Jicho la bunduki limetengenezwa kuusoma mwanga wa TV ya chogo, unaochorwa mstari kwa mstari kwa kasi maalumu. TV bapa haichori hivyo, tena inachelewa. Ucheleweshaji huohuo utauona hata kwa pedi: Mario anaruka baada ya wewe kubonyeza. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, tafuta hali ya gemu, iwashe. Watu wengi wanalaumu pedi bure.

Utunzaji nitausema kwa kifupi kwa kuwa Tanga kuna chumvi hewani na unajua inavyofanya kwa kila kitu cha chuma. Weka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kitu chochote cha betri, toa betri ukimaliza kucheza, usiseme nitacheza tena kesho. Betri ya alkali ikivuja inakula vibanio vyake. Ukikuta unga mweupe, futa kwa kijiti cha masikio chenye siki kidogo, kisha spiriti, kisha acha ikauke.

Turudi kwenye sanduku la mama. Usianze kwa kuwasha. Adapta ya zamani ndiyo mshukiwa wa kwanza. Soma kwenye mashine inataka nini, mara nyingi ni volti 9 za DC, umeme wa aina ya betri, na angalia alama inayoonyesha kama katikati ya kichwa cha waya ni hasi au chanya, maana hazifanani. Pima adapta kwa mita. Usiweke adapta ya NES ya Kimarekani, kwani ile inatoa AC, umeme wa aina ya ukutani. Kama adapta ni nzima, fungua mashine. Karibu na pale umeme unapoingia utaona kitu cheusi cha miguu mitatu kimefungwa kwenye kipande cha bati. Ni 7805, kinashusha volti 9 kuwa 5, na fundi redio yeyote anacho kwenye kopo lake. Pima mguu wa kwanza, kisha wa tatu. Kama 9 inaingia na 5 haitoki, ugonjwa umeupata, na dawa yake haifiki bei ya chakula cha mchana. Kama 5 inatoka, hamia kwenye soketi ya kaseti. Ina meno 60, na miaka 30 ya vumbi la pwani. Safisha meno ya kaseti kwa spiriti, ichomeke na kuichomoa mara kadhaa, usipulize. Sote tulipuliza, na kilichofanya kazi kilikuwa ni kule kuichomoa na kuirudisha. Mate yetu yalileta kutu tu.

Ikiwa taa inawaka lakini TV haioni kitu, na mashine ina waya wa antena badala ya AV, usikate tamaa haraka. Matangazo ya analojia yalizimwa, Dar es Salaam yakianza mwishoni mwa 2012, lakini TV nyingi bado zina kipokezi chake. Ingia kwenye kutafuta stesheni, chagua analojia, na tafuta kwa mkono huku mashine imewaka.

Kitu kimoja tu kitakushinda. Ukifungua ukakuta badala ya chipu zenye miguu kuna tone jeusi kama lami limemwagwa juu ya ubao, ubongo uko chini yake, na ukifa haufufuki. Hata hapo kaseti zinabaki. Soketi za Famicom ya Kijapani zina meno 60 vilevile, kwa hiyo kaseti nyingi za kaka zitaingia na kucheza humo, au kwenye nakala nyingine ya umri wake.

Siku itakayowaka, kabla watoto hawajaing'ang'ania, piga picha ya menyu yote, ukurasa kwa ukurasa, ya lebo ya kaseti, ya boksi kama lipo na ya ubao wa ndani. Hizo picha nitumie. Ninakusanya orodha za kaseti zilizofika pwani yetu, na kila moja inayonifikia ina gemu mbili tatu ambazo sijawahi kuziona katika nyingine.

Na ile pedi. Waya wa pedi hukatika karibu kila mara shingoni, pale unapoingia kwenye plastiki. Fungua skrubu, utakuta nyaya tano nyembamba: volti 5, hasi, na tatu za kupeleka habari za vitufe. Utakata kipande kilichochoka, utamenya, utalehemu upya. Lakini rangi za nyaya hizo hazina kanuni, kila kiwanda kilitumia zilizokuwepo, kwa hiyo piga picha kila waya ulipo kabla hujagusa mkasi.